Mshazari kwanza, herufi baadaye

Januari hii mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, alipelekwa kwenye usaili wa shule moja hapa Mbeya. Akapewa kalamu ya risasi na karatasi, akaambiwa aandike jina lake, kisha a mpaka z. Alipofika e mkono ukachoka, akaanza kulia. Dada akaambiwa amrudishe mwakani. Jioni ile ile tulikaa jikoni kwangu Uyole, mtoto akamenya maharage mabichi nusu ungo, kidole gumba na cha shahada vikifanya kazi bila kukosea.

Nimefundisha chekechea miaka tisa na jambo hili linaniuma. Usaili wa namna hiyo unapima kama nyumbani kuna mtu aliyemkazania mtoto herufi. Utayari wa mkono haupimwi hivyo.

Njia ya kuupima ipo tangu zamani. Mwaka 1967 Keith Beery na Norman Buktenica wa Marekani walitoa kipimo cha kunakili maumbo, kutoka rahisi kwenda gumu, na tisa ya kwanza ni haya: mstari uliosimama, uliolala, duara, msalaba, mshazari (mstari ulioinama) wa kuelekea kulia, mraba, mshazari wa kuelekea kushoto, mishazari miwili inayokatana, halafu pembetatu. Mwaka 1994 watafiti Weil na Amundson, huko huko Marekani, wakakuta kwamba watoto wa chekechea walioweza kunakili yote tisa walinakili herufi vizuri zaidi kuliko wenzao. Duara watoto wengi huliweza kwenye miaka mitatu. Pembetatu husubiri mitano na zaidi.

Tazameni mishazari ilivyochelewa kwenye mpangilio huo, kisha mtazame lugha yetu. Hatuhitaji x wala q, lakini k, w, y na v zimejaa kila mstari: kuku, watoto, yai, viazi. Zote zinataka mshazari. Mtoto asiyeweza kuuchora hajafika kwenye k, na kumwandikisha k kurasa tatu hakumfikishi. Anachojifunza ni kuikaba kalamu kwa ngumi na kuliogopa daftari. Nimewaona wengi wakifika darasa la kwanza na mshiko huo, na kuurekebisha wakati huo ni kazi kubwa.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, mwite mtoto akae mahali miguu inagusa chini, siyo kwenye dawati la wakubwa ananing'inia. Ikiwa ni asubuhi ya Juni, na baridi yetu mnaijua, mwache kwanza apashe vidole moto. Chora umbo, naye achore lake pembeni. Angalia anavyoshika kalamu, na kama mkono mwingine unaizuia karatasi isiteleze. Dakika kumi zinatosha.

Kama bado, kazi ipo na haina gharama: apukuchue mahindi, afinyange udongo, achore mishazari mikubwa kwa kijiti uwanjani. Wazazi wengine wataona mtoto anachezeshwa tu wakati ada wamelipa. Waiteni, muwaonyeshe karatasi ya maumbo ili waone mtoto amekwama wapi.

Karatasi hiyo iandikwe tarehe, itunzwe. Baada ya miezi mitatu achore tena, ziwekwe zote mbili mezani mbele ya mzazi.