Kasuku mkorofi: umfokee, umpuuze au umpe karanga?

Kasuku akianza kung'ata na kupiga makelele, huku Tanga kila mtu ana dawa yake. Wazee wengi watakwambia gonga tundu, mmwagie maji, mfunike khanga mpaka anyamaze. Vijana wa YouTube nao wanasema mpe zawadi akifanya vizuri, akikosea achana nae, na wazee wakisikia hivyo wanacheka, huko si ndo kumdekeza, kesho hafanyi kitu bila karanga.

Mi naona hao wanaocheka nao wanatoa zawadi kila siku, tena kwa kosa lenyewe. Kasuku ni ndege wa kundi, porini akiita wenzie wanamjibu, sasa humo ndani kundi lake ni nyie. Akipiga ukelele ukatoka jikoni mbio unafoka "nyamaza we!", keshapata alichotaka, mtu kaja. Kumpiga je? Atakuogopa kweli, ila hajui afanye nini badala yake, na woga ukizidi ndo anang'ata zaidi, wengine mpaka wanajinyonyoa manyoya.

Njia ya zawadi haina gharama, kijiti cha mshikaki kinatosha, kata tu ile ncha. Msogezee, akikigusa kwa mdomo sema "safi" na umpe mbegu moja ya alizeti papo hapo, maana ukichelewa na hapo katikati akakung'ata, umemlipa kwa kung'ata. Akizoea, kijiti hicho hicho kinamvuta apande mkononi. Ukiona mboni zinapanuka na kusinyaa harakaharaka na manyoya ya shingo yamesimama, acha kwanza, huyo anakaribia kukutoa damu. Alizeti itoe kwenye bakuli lake la kila siku (ina mafuta mengi mno) ibaki ya mazoezi tu, lakini kumshindisha njaa eti ashike haraka, hapana. Parachichi usithubutu, ni sumu kwake.

Na zawadi si lazima iwe chakula. Alex, yule kasuku aliyekufa 2007, wa Irene Pepperberg, mtafiti wa akili za kasuku kule Marekani, alikuwa akitaja kitu anapewa kitu chenyewe akichezee.

Ila kwenye kupuuza wazee wana pointi. Makelele yanazidi kwanza ndo yapungue, na nyumba zetu hizi za Ngamiani, jirani ukuta mmoja ana mtoto mchanga, nani atavumilia? Halafu ukishindwa ukamkimbilia pale makelele yamefika juu kabisa, umemfundisha kwamba akizidisha ndo mnakuja. Kwahiyo kupuuza peke yake sikushauri, mpe sauti nyingine ya kuitia, akipiga mluzi mjibu kwa mluzi kila mara hata kama uko uani.

Sasa kama ndege anashinda peke yake kutwa nzima, tundu lenyewe hata mabawa hanyooshi, hapo si karanga wala khanga itakayosaidia, anza na tundu kubwa, matawi ya kutafuna na mtu wa kukaa nae, kijiti baadae.