"Nzuri sana, isome" si maoni

Jamani, ukiulizwa riwaya uliyomaliza ikoje, usijibu "nzuri sana, isome" ukanyamaza. Nzuri kwa lipi? Sema nani anasimulia, kisa kinashika kasi sura ya ngapi, wahusika wana sauti zao au wote wanaongea kama mtu mmoja. Kurasa 50 za mwanzo zikijikokota, tuambie, maana wengi huishia hapo hapo.

Wanaokera zaidi ni wanaomwaga mwisho: "Yaani hutaamini, kumbe muuaji ni yule daktari!" Riwaya ya upelelezi inaishi kwa kuficha. Ukishamtaja muuaji, kila dokezo alilolitega mwandishi limekufa. Simulia theluthi ya kwanza tu. Ukitaka kwenda mbele, uliza kwanza kama mwenzako ameshaimaliza.