Mama Alisomewa Hongera Zake Mlangoni

Jumamosi iliyopita mama yangu alitimiza miaka 63. Watoto wake wanne wote tulikumbuka. Kabla ya saa mbili asubuhi kila mmoja wetu alikuwa ameshaweka picha yake kwenye status. Mimi niliweka ile ya zamani, amenibeba mgongoni, nikaandika aya mbili ndefu kuhusu mikono yake na sala zake. Dada yangu aliandika ndefu kuliko yangu. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye bado anaishi naye nyumba moja, aliweka picha saba na wimbo juu yake. Watu wakatujibu kwa wingi: hongera kwa mama, Mungu amtunze, mna bahati kuwa na mzazi kama huyu. Nikashinda siku nzima nikijibu ahsante.

Mama ana simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Haoni status ya mtu yeyote.

Saa kumi jioni jirani yake alipita. "Kumbe leo ndiyo siku yako, na umenyamaza! Wanao wamekuandika vizuri, hongera sana." Mama akamuuliza wameandika nini. Jirani akatoa simu akamsomea, mmoja baada ya mwingine, wamesimama mlangoni, mama mikono yake imejaa povu kwa sababu alikuwa anafua. Na katika beseni lile zilikuwamo nguo za huyu mdogo wetu wa picha saba.

Usiku akanipigia. "Mwanangu, nimesikia umeniandikia maneno mazuri. Nashukuru sana." Hakulalamika hata kidogo. Alisema *nimesikia*, kama mtu anayezungumzia habari za redioni, na tangu siku hiyo neno hilo halijaniacha.

Basi leo nina hasira, na wa kwanza kukasirikiwa ni mimi.

Tumefika mahali siku ya kuzaliwa ya mtu inasherehekewa na watu wote isipokuwa yeye. Tunamsifu mbele ya wenzetu wa kazini, mbele ya tuliosoma nao, mbele ya watu ambao hawatakuja kumwona maishani, halafu tunapita jikoni alipo na kumuuliza kama maji ya kuoga yapo. Mume anaandika "malkia wa moyo wangu" akiwa amelala chumba cha pili, na malkia mwenyewe anainama kuokota soksi. Sisemi mtu asiweke picha. Shangazi aliye mbali atapata habari, na kuna wazee wenye simu nzuri ambao hufurahi kweli kujiona. Sawa. Lakini picha ije baada ya kumshika mkono, na kama muda unatosha kimoja tu, mshike mkono.

Nimejaribu kukumbuka siku zetu za kuzaliwa zilikuwaje tulipokuwa wadogo. Hatukuwa na sherehe. Miaka mingi hapakuwa na keki wala nguo mpya. Mama alikuwa na kitu kimoja tu, na hakuwahi kukikosa: alikuja kukuamsha yeye mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakusimulia ulivyozaliwa. Mimi nilizaliwa alfajiri, mvua inanyesha, taa zimezimika, na mkunga alikuwa mwanamke mfupi aliyeimba kwa sauti ya chini muda wote. Dada alizaliwa mchana wa jua kali na alikataa kulia mpaka watu wakaogopa. Kaka alikuja wiki tatu kabla ya siku iliyotarajiwa, na nguo zake zilikuwa bado hazijafuliwa, akafungwa kwenye kanga ya mama. Tuliisikia hadithi ileile kila mwaka, na kila mwaka tuliidai. Ole wake mama akisahau sehemu ya mkunga kuimba! Siku hiyo pia hukuosha vyombo. Mama alitangaza, "Leo huyu hashiki kazi," na wenzako wakagawana zamu yako huku wamenuna, nawe ukakaa kwenye kiti ukiwatazama, ukajiona mtu mkubwa sana.

Kufanya mtu ajione wa pekee nyumbani kwake hakuzidi hapo. Unamwambia: wewe uliwahi kutokuwapo, kisha ukaja, na mimi nilikuwa pale na nakumbuka. Halafu unamwondolea mzigo kwa siku moja. Hayo mawili hayahitaji fedha, na ndiyo maana tunayakwepa. Fedha hutolewa kwa dakika moja ukarudi kwenye shughuli zako. Kumbukumbu inataka ukae.

Jambo linaloniuma ni hili. Katika kila nyumba yupo mtu mmoja aliyebeba kalenda yote kichwani. Anajua tarehe za watoto, za wakwe, za wajukuu, anajua nani anapenda nini na nani asiulizwe umri. Mara nyingi ni mama, lakini si lazima. Nyumba nyingine ni dada mkubwa, nyingine ni babu, na ninaifahamu familia moja ambayo ni mtoto wa kiume wa miaka 15. Mtu huyu ndiye anayewakumbusha wengine: mpigie baba yako leo, mnunulie mwenzio daftari lile alilolitaka. Siku yake ikifika hakuna wa kuwakumbusha, kwa sababu mkumbushaji ni yeye, naye hawezi kujitangaza. Akijitangaza ataonekana anaomba. Kwa hiyo ananyamaza, anapika, anafua, anasubiri. Mwaka wa kwanza inamuuma. Baada ya miaka 20 anaanza kusema, "Ah, mimi mambo ya siku ya kuzaliwa siyajali," nasi tunamwamini upesi kwa sababu inatupunguzia kazi.

Msimwamini. Mama yangu alilisema hilo kwa miaka mingi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini jirani ameniambia kwamba baada ya kusomewa status zetu pale mlangoni, mama alimwomba arudie ile ya kaka tangu mwanzo.

Kuna barua moja ya kale ninayoipenda sana. Iliandikwa karibu mwaka 100 baada ya Kristo na mwanamke aitwaye Claudia Severa, mke wa ofisa wa jeshi la Roma kaskazini mwa Uingereza, kwenye kipande cha ubao mwembamba. Alikuwa anamwalika rafiki yake, Sulpicia Lepidina, aje kwake tarehe 11 Septemba kwa sababu ni siku yake ya kuzaliwa. Ubao huo ulifukuliwa katika ngome ya Vindolanda miaka ya 1980, na leo umehifadhiwa British Museum, London. Kinachonigusa ni kwamba sehemu kubwa ya barua iliandikwa na karani, kwa mwandiko safi uliozoea kazi. Kisha mwishoni mwandiko unabadilika. Claudia Severa alichukua kalamu mwenyewe akaongeza mistari michache isiyonyooka vizuri, akamwita rafiki yake dada, akamwambia atamngojea. Wataalamu wanaihesabu mistari hiyo miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya kale zaidi yanayojulikana kuandikwa na mkono wa mwanamke. Na ukiyasoma, hakuna zawadi anayoiomba. Anachotaka ni mtu aje, maana akija, siku itakuwa nzuri zaidi.

Karani tunaye na sisi. Ni yale maneno yaliyotengenezwa tayari, maua na herufi za dhahabu, ambayo mtu mmoja anatumiwa na anawatumia wengine ishirini bila kubadilisha jina. Mtumie tu, kama huna budi. Lakini uongeze mstari wako mwenyewe, uliopinda hivyohivyo, wenye jambo ambalo wewe na yeye tu mnalijua.

Kuna watakaoniambia kwamba imani yao haiwaruhusu kusherehekea siku ya kuzaliwa. Nawaheshimu, na sitabishana nao. Nitasema tu kwamba hakuna imani niijuayo inayomkataza mtu kumwambia mama yake kwamba anampenda, na siku hiyo inaweza kuwa siku yoyote.

Wengine wataniambia wazazi wao hawajui tarehe waliyozaliwa. Hili ni zito, tena si la wazee peke yao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unasema mtoto aandikishwe mara tu anapozaliwa, lakini Unicef katika ripoti yake ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 150 walio chini ya miaka mitano duniani hawajaandikishwa. Ndiyo maana karatasi za watu wengi zimeandikwa 1 Januari: ofisa aliuliza, hawakuwa na jibu, akajaza. Sasa mtu wa namna hiyo asiachwe miaka yote bila siku yake. Kaeni naye mchague. Muulizeni alizaliwa msimu gani, mama yake alimwambia nini, na kama hakuna chochote kilichobaki, achague siku anayoipenda mwenyewe. Bibi yangu mzaa baba alichagua siku ambayo mjukuu wake wa kwanza alizaliwa, na kila mwaka walikuwa wakikaa pamoja wote wawili kwenye mkeka mmoja.

Wanaozaliwa pamoja nao wana kilio chao. Pacha hupewa hongera moja ya kugawana, wakati kila mmoja alikuja kwa saa yake na kulia kwa sauti yake. Waambieni majina yao, mmoja mmoja. Hata wasio pacha hugongana, tena mara nyingi kuliko tunavyodhani. Ukikusanya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa tayari unazidi nusu. Kwa hiyo katika ukoo mkubwa jambo hili litatokea tu, na yule mdogo ndiye atakayemezwa na mkubwa msipoangalia. Na mtoto wa tarehe 29 Februari asiambiwe kwamba siku yake itarudi baada ya miaka minne. Binamu yangu aliambiwa hivyo kwa mzaha alipokuwa na miaka sita, akalia mpaka akalala, na amenikumbusha tukiwa watu wazima.

Kuhusu wanaume sina mengi. Baba zetu wamezoezwa kuona kwamba kupongezwa ni mambo ya watoto. Mpongeze hivyohivyo. Atakohoa, atabadili mazungumzo, na kesho yake utasikia amewasimulia wenzake.

Baada ya ile simu ya usiku niliwaita ndugu zangu wote tuzungumze. Niliwauliza swali moja: mama angependa apewe nini? Kimya. Dada akasema labda kitenge. Kaka akasema tumtumie hela anunue anachotaka, na najua angenunua mchele wa nyumba nzima. Mdogo wetu, anayemwona kila siku, hakuwa na jibu kabisa. Watoto wanne, watu wazima, na hakuna aliyejua mama yetu anakosa nini. Ilinibidi nimpigie jirani. Naye hakufikiri hata kidogo: "Miwani yake ya kusomea ilivunjika tangu mwaka jana. Siku hizi mimi ndiye ninayemsomea, hata Biblia."

Tangu mwaka jana. Mdogo wetu amekula naye meza moja muda wote huo. Mimi nimekwenda kumwona mara tatu.

Basi Jumamosi hii tunakwenda wote wanne. Tutakuwa tumechelewa kwa wiki nzima, na nitamwambia hivyo bila kutafuta kisingizio. Mdogo wetu atafua, tena tangu Ijumaa jioni, ili mama akiamka akute beseni limeshafunikwa. Dada ameshapanga nafasi ya kumpeleka kupimwa macho asubuhi. Kaka atapika. Simu zitawekwa chumbani mpaka jioni.

Mimi nimepewa kazi ya kuuliza. Nataka anisimulie yeye alivyozaliwa, ilikuwa saa ngapi, mvua au jua, nani alimpokea, kwa sababu kwa miaka yote hiyo alitusimulia za kwetu na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza ya kwake. Kama bibi hakumwambia, nitamsimulia ile ninayoijua mimi, ya siku aliyokuwa mama, maana hiyo mvua na yule mkunga mfupi naviweka moyoni neno kwa neno.

Pia nimemwandikia barua, kurasa mbili, kwa mkono. Nimeiandika kwa herufi kubwa, ili aweze kuisoma mwenyewe hata kabla miwani haijatengenezwa.