Kifuko cha maji kwenye kongosho: kamera, kisu au subira?

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa nyepesi: kifuko cha maji kando ya kongosho kikizidi sentimita 6 na kikidumu zaidi ya wiki 6, mgonjwa apasuliwe. Msingi wake ulikuwepo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1979 ulionyesha kuwa kadiri kifuko kinavyokaa, ndivyo hatari ya kupasuka, kutoa damu au kuingia usaha inavyopanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa huko huko wakawafuatilia wagonjwa wasio na dalili bila kuwagusa, na wengi hawakudhurika. Kwangu suala la sentimita limekwisha. Ubishi uliobaki ni juu ya mgonjwa ambaye kongosho lake limechakaa: aanze kwa nani, mwenye kamera, yaani anayetibu kwa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni), au mwenye kisu?

Kongosho likiugua kwa muda mrefu, mara nyingi kwa pombe na sigara, mfereji wake mkuu hujaa makovu na vijiwe. Juisi ya kusaga chakula hukosa njia, huvuja na kujikusanya. Mwili huizungushia ukuta wa kovu usio na utando wa ndani, ndiyo maana kifuko hiki huitwa bandia. Kinachotokana na shambulio la ghafla mara nyingi hunywea chenyewe. Cha kongosho sugu ni kigumu kuondoka, kwa kuwa kilichokizaa bado kipo.

Hata hivyo, kabla ya kubishana juu ya tiba, tuwe na hakika kwamba tunachokitibu ni kifuko bandia. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Ultrasaundi huonyesha maji, haisemi ni maji ya nini. Mwanamke wa makamo mwenye uvimbe wa maji kwenye mkia wa kongosho, ambaye hajawahi kuugua kongosho, anaweza kuwa na uvimbe wa ute unaoelekea saratani. Ukiufungulia uvimbe huo njia ya kumwaga maji tumboni, yaani kwenye mfuko wa chakula, umemharibia nafasi ya kupona. Historia ya mgonjwa na CT skani yenye dawa ya mshipani huamua mengi: vijiwe vyeupe, mfereji uliotanuka, na pia ateri ya wengu iliyotuna ukutani mwa kifuko, ambayo ikitobolewa humwaga damu. Shaka ikibaki, maji huvutwa kwa sindano kupitia endoskopi yenye ultrasaundi. Amilesi, kimeng'enya cha kongosho, ikiwa chini ya uniti 250 kwa lita, kifuko bandia ni vigumu kuaminika. Kipimo cha CEA, protini inayopanda kwenye uvimbe wa ute, kikizidi nanogramu 192 kwa mililita, au maji yakinyumbuka kama uzi katikati ya vidole, fikiria uvimbe wa ute.

Sasa tuseme ni kifuko bandia kweli, na mgonjwa anameza matonge mawili ya ugali tayari ameshiba, kisha anatapika. Huyo anahitaji kutolewa maji. Wanaotetea kamera wana hoja nzito. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013 huko Marekani, wagonjwa 40 waligawanywa nusu kwa nusu: wote walifunguliwa njia kutoka kwenye kifuko kwenda tumboni, wengine kwa endoskopi, wengine kwa upasuaji. Mafanikio yalilingana, lakini wa endoskopi walikaa hospitali siku 2 na wa upasuaji siku 6, na gharama ya endoskopi haikufika nusu ya gharama ya upasuaji.

Wapasuaji hujibu kuwa kukausha kifuko si kutibu mfereji. Wana ushahidi: jaribio la Uholanzi la mwaka 2007, lenye wagonjwa 39 wa kongosho sugu wenye mfereji ulioziba, liliona nafuu ya maumivu baada ya miaka miwili kwa asilimia 75 ya waliopasuliwa, dhidi ya asilimia 32 ya waliotibiwa kwa endoskopi. Jaribio jingine la nchi hiyo hiyo, la mwaka 2020, lilielekea huko huko. Majaribio hayo yalipima maumivu, si vifuko, na wapasuaji wasiyavute kupita hapo. Lakini mgonjwa wa kongosho sugu haji na kifuko peke yake; huja pia na maumivu yanayomwamsha usiku. Mfereji wake ukiwa umetanuka na kujaa vijiwe, naona heri apasuliwe mapema, mfereji na kifuko vishughulikiwe pamoja. Shida ikiwa ni kifuko tu, aanze na kamera.

Kuna jambo ambalo mijadala ya Ulaya hulipita haraka. Stenti ya chuma, yaani kijibomba kinachoshikiza kifuko na tumbo ili njia ibaki wazi, inapaswa kutolewa baada ya wiki 4 hivi, la sivyo inaweza kuchimba na kusababisha damu. Mgonjwa anayesafiri siku nzima kwa basi kufika hospitali ya rufaa, na nauli ameikopa, huenda asirudi. Kwake ningechagua stenti za plastiki, au upasuaji kama mpasuaji mzoefu yupo.

Mrija wa kupitishia ngozini nauweka mwisho. Mfereji ukiwa umeziba, maji hayaachi kutoka, na mgonjwa hubaki na tundu linalovuja kwa miezi. Nausogeza mbele pale tu kifuko kimeingia usaha na mgonjwa ni dhaifu mno kuvumilia njia nyingine.