Nisafishe Kidogo, Ila Nibaki Mimi

Ukitaka kujua kwamba urafiki unatozwa kodi, nunua kamera. Seremala haambiwi "nichongee kitanda kimoja tu, si kazi hiyo." Mwenye kamera anaambiwa "nipige moja tu," tena kwa sauti ya mtu anayeazima kiberiti. Hiyo moja sasa, jamani, imekula Jumamosi yangu, ikala usiku wake, ikamalizia na bando.

Mshkaji wangu anaoa. Jina namsitiri, maana wakwe zake wanasoma kila kitu. Anataka picha ya kadi ya mchango, na mwenyewe alishaamua: Coco Beach, jioni, jua linazama baharini nyuma yake. Nikamwambia ndugu yangu, Coco inatazama mashariki. Jua la pale linatoka baharini asubuhi. Jioni linazamia huku nyuma, kwenye mageti ya wenye nazo wa Oysterbay. "Mbona picha za hivyo nimeziona?" Umeziona za Forodhani, Unguja, kule bahari iko magharibi. "Basi twende Forodhani." Nauli ya boti anatoa nani? Kimya. Basi tuamkie Coco, saa kumi na mbili alfajiri tuwe mchangani. Kimya kikaongezeka.

Akaja kwangu saa saba mchana. Mwezi wa kumi huu, Dar hii, jua limesimama utosini kabisa. Mtu ukimpiga muda huo macho yanageuka mashimo mawili, na pua inadondosha kivuli juu ya mdomo, bwana harusi anapata masharubu ya bure. Namwambia tusubiri, ananishangaa. "Si ulisema unatumia mwanga wa jua? Jua si hilo hapo, limejaa!"

Sasa utamwelezaje mtu wa namna hii kwamba kutumia mwanga wa jua maana yake mara nyingi ni kulikimbia jua lenyewe? Unamweka kibarazani, kivulini, karibu na ukingo, uso unatazama nje kwenye mbingu. Mwanga unamfikia umeshapoa. Au unangoja jioni, na jioni yetu nayo haina subira. London mwezi wa sita jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku, tena linajivuta likishuka, mpigapicha anakunywa chai na kurudi. La kwetu linashuka wima. Ukihangaika na kifuniko cha lenzi tu, giza hilo.

Tukakubaliana kibarazani. Hapo nikakutana na ukuta wa jirani. Jirani kaupaka kijani, kijani ya kung'aa, sijui rangi ilikuwa ya bei ya kutupa. Mwanga unagonga pale, unarudi kwenye shavu la mshkaji, bwana harusi anaonekana ana manjano. Nikamgeuza. Upande wa pili kuna gari la mtu juu ya matofali, lina miaka pale. Nikamgeuza tena nusu, nikamwita kijana wa mwenye nyumba anishikie kipande cha jipsamu kilichobaki kwenye dari, cheupe pee, kirudishe mwanga upande wenye kivuli. Jipsamu ni nzito. Kijana kila baada ya muda anaishusha na kuulizia soda yake, na kila ikishuka nusu ya uso inazama.

"Kamera yako inanipaka masizi," mshkaji akalalamika. Hapo kidogo nilimwonea huruma, maana kamera ina tabia hiyo. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Mtu mweusi akikaa mbele ya mbingu nyeupe inamzamisha. Akivaa suti nyeusi mbele ya mlango mweusi inamwangaza hadi anapauka. Lazima uishike mkono, upime shavu lake, uiambie huyu ndiye, hao wengine waache. Nikamsimulia na ya filamu. Zamani Kodak walikuwa wanawapa maabara kadi za dada wa Kizungu za kupimia rangi, zikaitwa kadi za Shirley. Shirley akitoka vizuri, mtambo uko sawa. Sisi tukitoka meno na macho, shauri letu. Na kwa maelezo ya waliofanya kazi humo, waliowasukuma warekebishe filamu ionyeshe kahawia zote ni wenye chokoleti na wenye samani za mbao, walalamikaji kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo.

Mshkaji akaweka chupa ya maji chini. "Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya babu yangu?"

Alicheka kwelikweli, na hapo ndipo nilipombonyeza. Ndiyo picha yenyewe ile. Shingo imelegea, meno yapo, kovu lake la nyusi ya kushoto limekaa mahali pake. Usiku nikaivuta kwenye kompyuta mpaka jicho likajaa kioo kizima: ndani ya mboni unauona ukingo wa kibaraza, unamwona kijana na jipsamu yake, na nyuma ya kijana mama mwenye nyumba anaanika shuka. Nikasema hii siigusi.

Nitaachaje kuigusa, wakati sauti zake za WhatsApp zishaanza kumiminika? "Nisafishe kidogo, ila nibaki mimi." Sawa. Kipele cha shavuni natoa, wiki ijayo hakipo. Vipele vya wembe chini ya kidevu navipunguza. Mng'ao wa jasho kwenye paji naushusha, sifuti, uso usio na mng'ao ni wa kinyago. Kidogo kidogo naangaza hapa, natia kivuli pale, vitundu vya ngozi nikiviacha vyote. Enzi za filamu mafundi waliifanya kazi hii kwa penseli juu ya negativu, na sidhani kama kuna aliyekuwa akiwapigia saa sita za usiku.

"Toa kovu." Kovu la kuanguka mwembeni? Bibi harusi kakupenda nalo, mama yako ataulizia liko wapi. "Nitoe kitambi." Picha inaishia kifuani, kitambi hakimo! "Toa tu, kwa tahadhari." Akamaliza na ile niliyokuwa naiogopa: "Niongeze weupe, si sana." Nikazima data nikalala.

Jumatatu kadi ikatua kwenye kundi la kamati. Kaipitisha kwenye programu ya simu mwenyewe. Kovu limeyeyuka, ngozi haina kitundu hata cha sindano, midomo ya waridi. Kibaraza kimeondoka, nyuma yake jua linazama baharini, wakati uso wake unaangazwa kutokea mbele, sijui na jua gani jingine. Watu chini: "Mashallah, kamera ya nani hii?" Kanitaja. Kwa jina kamili!

Jioni mama mhazini akanipigia. "Mwanangu, ahadi yako hatujaiona. Singo elfu hamsini, dabo laki." Nikamwambia mama, mchango wangu ndiyo hiyo picha. Akasema picha ni upendo, kamati inahesabu hela. Halafu akanipa taarifa kwamba wamekaa kikao, wameniteua kupiga siku ya harusi yenyewe, kuanzia saluni hadi ukumbini, nije na vifaa vyangu vyote.

Nikamuuliza, na kijana wangu wa jipsamu?

"Aje tu, mwanangu, mradi ulipie dabo."