Eti nifute rejista zisizotumika

Asubuhi nimekwama kwenye matatu Ngong Road, laptopu magotini, nikisoma maoni ya anayekagua draiva yangu ya kihisi cha joto (programu ya kukiendesha): "Futa kila #define isiyotumika." Yaani mistari inayozipa majina rejista, vile vijisanduku vya kumbukumbu ndani ya kihisi. Jamani! Mistari 30 inamwasha nini? Programu ikishakompailiwa (kugeuzwa lugha ya mashine) haiongezeki hata baiti moja.

Rejista namba 0x1F haitumiki leo, sawa. Lakini datashiti yenyewe (hati ya maelezo ya kihisi) nilibembeleza wiki mbili kuipata, mtandaoni haipo. Kesho kihisi kikigoma, mwenzangu atajuaje kwamba biti ya 3 humo ndiyo inayozima upimaji? Apige ramli?

Nakubali, kuna waliopita mpaka. Draiva ya amdgpu (ya kadi za michoro za AMD) ndani ya Linux ina mamilioni ya mistari, mingi ikiwa ya faili za rejista zilizotemwa na mashine. Hiyo ni kuhamia bedsitter ya Roysambu na lori zima la fanicha. Mimi nina 30 tu, tena nimeichapa kwa mkono!

Basi, nimeifuta. Kufika Prestige, ujumbe mwingine: "Hii 0x04 hapa ni nini? Tafadhali ipe jina."