Nyanya za kivungulio: udongo au haidroponiki?

Mkulima wa nyanya ambaye kivungulio chake (nyumba ya nailoni ya kukuzia mazao) kimewahi kuingiliwa na mnyauko bakteria hahitaji kubembelezwa ili aanze kuulizia haidroponiki, yaani kilimo kisichotumia udongo. Ameshaona mmea uliobeba vichala vitatu ukilegea majani saa sita mchana, ukajiinua kidogo jioni, kesho yake ukalegea tena, na baada ya siku chache ukafa ungali kijani. Akikata kipande cha shina karibu na mzizi na kukining'iniza ndani ya gilasi ya maji safi, haichukui muda kabla hajaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka pale alipokata. Huo ni ute wa bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, na hakuna dawa ya kupulizia itakayomtoa kwenye udongo, ambamo anaweza kukaa miaka akisubiri nyanya nyingine, kiazi, bilinganya au pilipili.

Muuzaji wa vifaa vya haidroponiki humkuta mkulima huyo akiwa katika hali hiyo, lakini mara nyingi hamzungumzii mnyauko. Humzungumzia mavuno: kwamba mmea unaolishwa kwa maji yenye virutubisho, bila udongo, hukua haraka na kuzaa maradufu, mara tano, mara kumi, kutegemea ujasiri wa anayesema. Kwa maoni yangu, biashara hii inauza kitu chenye manufaa ya kweli kwa sababu ambayo si ya kweli, na hapo ndipo hesabu za wakulima wengi zinapoharibika.

Ahadi ya mavuno makubwa ina umri sawa na haidroponiki yenyewe. Mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza kuchapisha matokeo ya mimea aliyoiotesha ndani ya matangi ya maji, na katika miaka iliyofuata nyanya zake zilirefuka kiasi cha kuchumwa kwa ngazi, jambo ambalo magazeti ya Marekani hayakuweza kuliacha lipite. Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wanasayansi wa chuo hicho hicho, waliichunguza ahadi hiyo, na mwaka 1938 wakatoa jibu lililopoza joto: mmea ukipewa hali ya hewa ile ile na matunzo yale yale, mavuno ya maji hayazidi mavuno ya udongo mzuri. Inachekesha kidogo kwamba mchanganyiko wa virutubisho uliobeba jina la Hoagland ndio ambao fomula nyingi za haidroponiki zinatokana nao hadi leo. Waliotuachia kanuni ya kulisha mimea kwa maji ndio waliokataa kuuita muujiza.

Takwimu kubwa zinazotajwa kwenye matangazo hazikuzuliwa, ila mara nyingi hulinganisha vitu viwili visivyolingana. Utafiti mmoja uliofanywa Arizona na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba letasi ya haidroponiki hutoa takriban mara 11 ya mavuno ya letasi ya shambani kwa eneo lile lile, na hutumia maji pungufu kwa mara 13 hivi kwa kila kilo. Utafiti huo huo ulikadiria pia kwamba nishati inayotumika kwa kila kilo ni takriban mara 82, na sehemu hii ndiyo huachwa nje ya vipeperushi. Zaidi ya hayo, letasi ya haidroponiki katika makadirio hayo ilikuwa chini ya paa, ndani ya jengo linalopozwa na kupashwa joto mwaka mzima, ilhali ile ya udongo ilikuwa nje juani. Sehemu kubwa ya hizo mara 11 ni kazi ya paa, wala haihusiani na kile kinachoshikilia mizizi. Mkulima wa Kiambu au wa Lushoto ambaye tayari ana kivungulio tayari ameshapata faida ya paa, na kwa kuwa hapozi wala hapashi joto, hata mzigo wa nishati kwake ni mdogo mno kuliko wa Arizona. Anachopaswa kujiuliza ni tofauti inayobaki paa likiwa lile lile, na tofauti hiyo ni ya kiasi.

Tuutazame basi udongo kwa haki. Sifa yake kubwa ni kwamba husamehe. Chembe za mfinyanzi na mboji hushikilia virutubisho na kuviachia polepole, hivyo mkulima aliyezidisha mbolea kidogo wiki hii, au aliyechelewa kumwagilia kwa siku moja, huenda asione dalili yoyote. Samadi iliyoiva hulisha mmea na viumbe wadogo wanaoshindana na vimelea vya magonjwa, na hupatikana kwa jirani mwenye ng'ombe. Katika haidroponiki hakuna msamaha wa namna hiyo, kwani mmea hunywa kile tu ulichokichanganya leo asubuhi. Ndiyo maana mbolea huwekwa kwenye matangi mawili, la A na la B: ukimwaga naitreti ya kalsiamu na salfeti ya magnesiamu pamoja zikiwa nzito, kalsiamu hushikamana na salfeti ikawa jasi, unga mweupe unaotuama chini ya tangi na kuziba vitundu vya mipira ya kumwagilia kwa matone, huku mmea ukikosa kalsiamu uliyoilipia. Nyanya huonyesha upungufu huo kwa kuoza kitako. Mwenye udongo naye huona kuoza kitako, hasa anapomwagilia leo na kusahau kesho, lakini kosa huchukua siku kadhaa kufika kwenye tunda, naye hupata nafasi ya kurekebisha.

Udongo wa kivungulio, hata hivyo, haufanani na udongo wa shamba la wazi, na watetezi wake husahau jambo hili. Mvua hainyeshi chini ya nailoni. Chumvi za mbolea ambazo mvua za masika zingezishusha chini hubaki pale pale, msimu baada ya msimu, mpaka ukoko mweupe unatokea kando ya mipira ya matone. Minyoo fundo huzaliana kwenye joto hilo na kuijaza mizizi vinundu. Mzunguko wa mazao, ambao ndio tiba ya kale ya udongo uliochoka, huwa mgumu, kwa sababu mtu aliyekopa ili ajenge kivungulio hataki kupanda kunde ndani yake. Akichoka na nyanya hupanda pilipili hoho, ambayo ni ya ukoo ule ule na hushambuliwa na bakteria yule yule.

Wakulima wa waridi walifika kwenye njia panda hii mapema. Kwa miaka mingi waliusafisha udongo kwa gesi ya methaili bromaidi, iliyoua karibu kila kilichokuwemo, hadi Itifaki ya Montreal ilipoiwekea mwisho kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni: mwaka 2005 kwa nchi tajiri na 2015 kwa nchi zinazoendelea. Mashamba mengi kuzunguka Ziwa Naivasha yaliachana na udongo wa chini yakapanda kwenye mitaro ya pamisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa humo humo Bonde la Ufa. Waliihama ardhi kwa sababu ilikuwa imeugua na dawa yake imepigwa marufuku. Nyanya za mkulima mdogo ziko karibu zaidi na hadithi hiyo kuliko hadithi ya letasi ya Arizona.

Kukimbia udongo mgonjwa, hata hivyo, si kinga kamili. Mwaka 2015 wakulima wa waridi wa Uholanzi, ambao mimea yao haigusi ardhi kabisa, walikuta bakteria wa jamii hiyo hiyo ya Ralstonia ndani ya vivungulio vyao. Bakteria huyu husafiri kwa maji na kwa miche, na mfumo unaorudisha maji yale yale kwenye mizizi yote una uwezo wa kumsambaza haraka kuliko udongo wowote. Mkulima anayepanga mifuko ya pamisi juu ya udongo wake ulioambukizwa bila kutandika nailoni, mizizi ikatoka kupitia matundu ya chini, au anayevuta maji ya mto unaopita kwenye mashamba ya viazi, amehamisha gharama tu huku ugonjwa ukibaki. Kuhusu wadudu, kantangaze anayetoboa majani na matunda haulizi mzizi uko wapi. Nzi weupe na ugonjwa wa baka jani pia hawaulizi. Bajeti ya vyandarua na ya kuzuia wadudu hubaki ile ile.

Halafu kuna umeme, na hapa inafaa tutenganishe mifumo ambayo matangazo huiweka yote kwenye kapu moja. Mabomba ya plastiki yenye utando mwembamba wa maji, yale yanayopendeza kwenye picha, hayana akiba yoyote: pampu ikisimama mchana wa jua kali, nyanya iliyokomaa huanza kunyauka baada ya muda mfupi. Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima na sehemu nyingi hazikurudishiwa hadi kesho yake. Tanzania nayo ilikuwa kwenye mgao kuanzia mwishoni mwa mwaka huo hadi mwanzoni mwa 2024. Mifuko ya pamisi au ya kokopiti, yaani maganda ya nazi yaliyosagwa, hushikilia maji ya saa kadhaa, na tangi likiwekwa juu ya mnara wa mbao maji hushuka yenyewe kwa matone bila umeme. Kwa letasi na mboga nyingine nyepesi mabomba yana nafasi yake, lakini kwa nyanya sioni kwa nini mkulima mdogo wa ukanda huu auziwe mabomba. Kokopiti nayo ina masharti: isipooshwa vizuri hubeba chumvi ya sodiamu na potasiamu inayoiharibu miche katika wiki za mwanzo, na isipowekewa kalsiamu kabla ya kupanda, huishika kalsiamu iliyokusudiwa mmea.

Upande wa maji, haidroponiki ina hoja nzuri, ingawa nayo imetiwa chumvi. Ukilinganisha na mkulima anayemwagilia kwa mfereji, akiba ni kubwa. Ukilinganisha na matone yaliyotandazwa vizuri kwenye udongo wenye matandazo, tofauti hupungua sana. Wengi wasiorudisha maji huacha asilimia 20 hadi 30 ya mchanganyiko itiririke nje ili chumvi isijikusanye kwenye mifuko, na maji hayo yana naitreti. Yakienda kwenye shimo la nyuma ya kivungulio ni hasara ya mbolea; yakienda kwenye kisima ni tatizo la jirani. Mwenye shamba la sukumawiki pembeni anaweza kuyatumia, na huo ni mpango mzuri kuliko mitambo mingi ya kuyasafisha.

Suala la ladha nalitaja kwa ufupi kwa kuwa hubishaniwa kuliko linavyostahili. Nyanya inayolishwa maji ambayo chumvi yake imeongezwa kidogo huwa na sukari zaidi na hupungua ukubwa, na hilo linawezekana katika mifumo yote miwili. Nyanya maji maji ni uamuzi wa mkulima anayeuza kwa kilo. Kwa anayelenga soko la mazao ya kilimo hai barani Ulaya, mjadala umefungwa: sheria za huko zinataka mmea uote ndani ya udongo hai, na haidroponiki haikubaliwi.

Ambacho muuzaji hatakitaja, kwa sababu hakiuzi vifaa, ni njia ya katikati. Mche wa nyanya unaweza kuunganishwa juu ya shina la bilinganya linalohimili mnyauko. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga chenye makao yake Taiwan, ambacho kina tawi Arusha, kimeieneza kwa miaka mingi aina ya bilinganya iitwayo EG203 kwa kazi hiyo. Mizizi inakuwa ya bilinganya, matunda yanabaki ya nyanya, na udongo unabaki mahali pake. Mche wa namna hiyo ni ghali kuliko wa kawaida na unahitaji mikono iliyozoea, lakini gharama hiyo hulipwa mara moja kwa msimu, wala haihitaji pampu, asidi au mtu wa kupima kiwango cha asidi (pH) kila asubuhi. Kuna pia kuufunika udongo uliolowa kwa nailoni angavu kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali, hatua inayopunguza minyoo fundo na vimelea vingi vya tabaka la juu, ingawa dhidi ya mnyauko bakteria uliokwisha kushuka chini matokeo yake si ya kutegemewa.

Nikipima yote, kwa udongo ambao bado mzima sioni haidroponiki ikilipa kwenye nyanya. Fedha hizo zinafaa zaidi kwenye samadi, tangi la maji na miche bora. Kwa udongo ulioambukizwa, miche ya kuunganishwa ijaribiwe kwanza, na isipotosha, mifuko ya pamisi juu ya nailoni, kwa matone ya kushuka yenyewe, ndiyo haidroponiki ninayoweza kuitetea. Hata hiyo isinunuliwe kabla ya sampuli ya maji kupelekwa maabara. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina bikaboneti na sodiamu nyingi, na vya pwani vina chumvi ya bahari. Bikaboneti huondolewa kwa asidi ya nitriki au ya fosforiki, na hiyo ni gharama inayokadirika. Sodiamu haiondolewi kwa asidi yoyote, bali kwa mtambo wa kuchuja ambao bei yake peke yake inaweza kuzidi ya kivungulio. Karatasi ya maabara ikionyesha sodiamu nyingi, mkulima atakuwa amebaki na maji ya mvua ya paani, na hapo ukubwa wa tangi ndio utakaoamua apande mashina mangapi.